Lokole na hesabu zake



Siku moja wakati wa rekreasio, sisi wa kikundi cha matematiki tulikuwa na mabishano na rafiki zetu wa seksio ya pedagojia. Mmoja wao alisema: «Miye nataka kufundisha lugha. Matematiki itanisaidia nini? Lugha iko ya mudomo, hesabu iko ya tablo.» Mwingine akaongeza: «Na kama lugha iko na hesabu, itakuwa Kifaransa tu. Lugha ya bakoko betu ku mugini haina kitu ya kuhesabu.» Watu wakacheka. Kisha janti ikapigwa, tukaingia kalasini.

Sisi tulicheka pia, lakini neno lile halikutuacha. Tukauliza walimu, tukauliza wazee, tukasoma kidogo. Leo tunataka kuwajibu wale rafiki kwa upole. Tena jibu halitoki mbali. Liko hapa kwetu kwenye mto, katika sauti ya lokole. Ninyi wa kalasi ya kwanza msiogope: hesabu za leo ni kuzidisha kwa 2 tu.

1. LOKOLE INASEMA NAMNA GANI?

Wengi kati yetu tumeona lokole kanisani au kwenye matanga. Ni kipande kikubwa cha mti mgumu, kimechimbwa ndani, na juu yake kuna mdomo mrefu mwembamba. Fundi hachimbi sawasawa pande mbili. Upande mmoja anauacha mnene, upande mwingine anaupunguza. Kwa hiyo ukipiga huku inatoka sauti ya juu, ukipiga kule inatoka sauti ya chini. Sauti ni mbili tu, hakuna ya tatu.

Na kwa sauti mbili hizo wazee waliweza kusema: fulani amekufa, masua inakuja, njoo nyumbani, kesho kuna mkutano. Usiku wakati hewa imetulia, habari ilifika kilometa kumi hivi, kisha mpigaji wa kijiji kingine aliipokea na kuipeleka mbele. Mwaka 1877 Henry Morton Stanley aliposhuka mto na kupita maporomoko ya hapa, alisikia ngoma hizi, akaandika kwamba kwa mtu anayezijua zinasema wazi sawa na mdomo wa mtu.

Wazungu wengi walifikiri lokole ni sawa na telegrafu ya Morse: pigo hili ni herufi A, pigo lile ni herufi B. Hapana. Lokole haina herufi. Inafuata toni ya lugha yenyewe.

2. TONI: AHADI NA SUMU

Katika Kilokele, sawa na katika lugha nyingi za mkoa wetu wa Tshopo, kila silabi inasemwa juu au chini. Hiyo siyo mapambo. Toni inabadilisha maana ya neno, sawa vile herufi inabadilisha.

Mfano ni neno lisaka. Ukisema silabi zote tatu chini, maana ni kidimbwi cha maji. Ukisema chini-chini-juu, maana ni ahadi. Ukisema chini-juu-juu, maana ni sumu! Tena kuna maneno mawili alambaka boili. Kwa toni moja ni: alitazama ukingo wa mto. Kwa toni nyingine ni: alimpika mama mkwe wake. Mtu anayejifunza Kilokele ajiangalie sana siku ya kutembelea wakwe.

Basi, lokole inachukua toni tu. Konsoni zote zinaanguka, voyeli zote zinaanguka, inabaki juu na chini. Hapo ndipo hesabu inaingia.

Mtu aliyechunguza jambo hili zaidi kuliko wengine ni John Carrington, misionari wa Wabaptisti. Alizaliwa Uingereza mwaka 1914, akafika Kongo mwaka 1938, akafanya kazi Yakusu, hapo chini ya Kisangani, na baadaye alifundisha kwenye universite ya mji wetu. Alikufa mwaka 1992. Wanasimulia kwamba siku moja aliamua kwa ghafla kwenda kijiji cha Yaongama. Alipofika, akakuta mwalimu, muganga na watu wa kanisa wamekwisha kukusanyika wanamngojea. Ngoma zilimtangulia. Tangu hapo alijifunza lokole mpaka akaweza kuipiga mwenyewe. Mwaka 1949 alitoa kitabu kwa Kiingereza, Talking Drums of Africa, na mwaka 1974 kingine kwa Kifaransa, La voix des tambours, kilichochapishwa Kinshasa.

3. SHIDA YA LOKOLE NI SHIDA YA HESABU

Tuhesabu sasa. Tuandike J kwa juu na C kwa chini.

Neno la silabi 1 liko na namna 2: J au C.
Neno la silabi 2 liko na namna 4: JJ, JC, CJ, CC.
Silabi 3: namna 8.
Silabi 4: namna 16.
Silabi 7: namna 128.
Silabi 10: namna 1024.

Kila mara unapoongeza silabi moja, unazidisha kwa 2. Ni kanuni ile tuliyoisoma: 2 kwa kipeo cha n.

Sasa angalia shida. Maneno mengi ya kila siku yako na silabi mbili au tatu. Kwa silabi mbili lokole iko na namna 4 tu, lakini maneno ya silabi mbili katika lugha ni mengi sana. Tuseme yangekuwa 200 tu: kila namna ingebeba maneno 50! Kwa Kilokele, songe ni mwezi, koko ni kuku, fele ni jina la samaki. Yote matatu ni juu-juu. Ukipiga JJ peke yake, msikilizaji wa kijiji kingine atajua nini? Umeona mwezi, umepoteza kuku, au umeshika samaki?

Wazee hawakuwa na tablo wala biki, lakini walilijua jambo hili vizuri. Dawa yao ilikuwa kurefusha. Hawapigi «mwezi» peke yake. Wanapiga maneno yenye maana ya mwezi unaoangalia chini kwenye dunia. Hawapigi «kuku» peke yake. Wanapiga kuku, yule mdogo anayelia kiokio. Hawapigi «usiogope», wanapiga maneno marefu ya kumwambia mtu arudishe chini moyo wake uliopanda mpaka mdomoni. Hata mtu aliitwa kwa jina refu la ngoma: jina lake, la baba yake, na la upande wa mama yake.

Mgeni akisikia anasema: wazee hawa wanapenda maneno mingi! Kumbe siyo kupenda maneno. Ni hesabu. Neno la silabi 2 likigeuka maneno ya silabi 16, namna za kupiga zinatoka 4 na kufika 65.536.

4. KWA NINI KUREFUSHA MARA NANE?

Carrington alilinganisha maneno ya mdomo na maneno ya ngoma, akaona kwamba kwa neno moja la mdomo ngoma inatumia kama maneno nane. Sisi tukauliza: kwa nini nane? Kwa nini siyo mawili, kwa nini siyo hamsini?

Tufanye mchezo. Rafiki yako afikirie namba moja kati ya 1 na 100. Wewe uulize maswali, yeye ajibu ndiyo au hapana tu. Mjinga atauliza: ni 1? ni 2? ni 3? Atachoka. Mwenye akili atauliza: imepita 50? Kila swali likate katikati. Zinabaki 50, kisha 25, kisha 13, kisha 7, kisha 4, kisha 2, kisha 1. Hesabu: ni maswali 7. Tumejaribu mchezo huu kalasini mara nyingi, na maswali 7 yametosha kila mara.

Sasa rudi kwenye lugha. Tuseme voyeli ni 5. Tuseme konsoni ni kama 20. Silabi za namna ya ba, be, bi, bo, bu zitakuwa 20 mara 5, maana yake 100. Mtu akisema silabi moja kwa mdomo, amechagua moja kati ya 100. Lakini pigo moja la lokole ni sawa na jibu moja la ndiyo au hapana: juu au chini. Kwa hiyo, ili kuchagua kati ya vitu 100, lokole inahitaji mapigo 7 hivi kwa silabi moja.

Sisi tulipata 7 kwa biki na kaye, Carrington alipata 8 hivi kwa masikio. Tusijisifu sana. Silabi za lugha hazitumiki sawasawa, nyingine zinatoka kila mara na nyingine mara chache, na hesabu yetu ni ya karibu tu. Lakini inaonyesha kwamba wazee hawakurefusha ovyo. Walirefusha kwa kipimo ambacho kazi ilidai.

Hesabu hii ya ndiyo na hapana ina historia yake. Mwaka 1928 Ralph Hartley, Mmarekani wa kazi ya simu, alionyesha namna ya kupima habari kwa logaritimu. Mwaka 1948 Claude Shannon, naye wa Marekani, akaikamilisha. Jibu moja la ndiyo au hapana linaitwa biti. Simu mnazoficha katika mifuko wakati wa etidi zinafanya kazi yote kwa biti: 1 na 0, sawa vile lokole inavyofanya kwa juu na chini. Na yule aliyesema lugha ya bakoko haina kitu ya kuhesabu, tunamwomba asome tena sehemu hii.

5. KELELE NA MAKOSA

Kuna sababu nyingine ya kurefusha. Lokole inasikika kwa mbali, na njiani kuna upepo, mvua, watoto wanaolia, mbwa, na kwa watu wa karibu na Wagenia kuna ngurumo ya maporomoko. Pigo moja likipotea, itakuwaje?

Tuchukue ngoma ndogo yenye habari mbili tu: «njoo» na «baki». Ukiweka njoo = J na baki = C, pigo moja likisikika vibaya, mtu anayeambiwa abaki atakuja. Lakini ukiweka njoo = JJJ na baki = CCC, na mtu akasikia JJC, atafikiri hivi: JJC haina maana yoyote katika ngoma yetu. Iliyo karibu nayo ni JJJ, kosa ni moja tu. CCC iko mbali, makosa mawili. Basi wananiita. Na kweli walimwita.

Uone vizuri: namna 8 zinawezekana, lakini 2 tu ziko na maana. Zile 6 zisizo na maana hazikupotea bure. Ndizo zinazotusaidia kuona kosa. Katika maneno ya silabi 16 ni vilevile: namna 65.536 zinawezekana, lakini maneno ya ngoma yanayojulikana ni machache, na kati yake kuna nafasi kubwa. Ndiyo maana mzee aliyesinzia, akikosa mapigo mawili, bado anajua nani amekufa. Mwaka 1950 Richard Hamming aliandika hesabu za kusahihisha makosa namna hii kwa mashine za kuhesabu. Maneno yale ya ziada wataalamu wanayaita redondansi.

6. KISWAHILI CHETU NACHO

Msifikiri redondansi iko kwenye lokole tu. Iko katika kila lugha. Jaribuni kusoma mstari huu. Tumeondoa voyeli zote, kila moja tumeweka alama:

mv-- k-bw- -m-ny-sh- l-- -s-k- n- nj-- y-t- -m-j-- m-j-

Wengi mmekwisha kusoma: Mvua kubwa imenyesha leo usiku na njia yote imejaa maji. Hesabu sasa herufi za sentensi hii. Ziko 46. Voyeli ni 24, konsoni ni 22. Tuliondoa zaidi ya nusu ya herufi na mmesoma tu. Lakini kama tungeacha voyeli na kuondoa konsoni, ingekuwa hivi:

--ua -u--a i-e--e--a -eo u-i-u -a --ia -o-e i-e-aa -a-i

Nani ataweza kusoma hiyo? Kumbe katika Kiswahili voyeli ni nyingi, lakini mzigo mkubwa wa habari unabebwa na konsoni. Tena, maneno yote 10 ya sentensi ile yanakwisha kwa voyeli. Kama unajua hivyo, basi ukifika mwisho wa neno umekwisha kubakiza herufi 5 tu za kuchagua.

Mtu aliyefanya kazi ya namna hii kwa uvumilivu ni Andrei Markov, mtaalamu wa matematiki wa Urusi. Mwaka 1913 alitoa matokeo yake: alihesabu herufi 20.000 za kitabu cha Pushkin, Eugene Onegin, moja moja kwa mkono. Akapata voyeli 8.638 na konsoni 11.362. Lakini hakutosheka na hapo. Aliuliza: baada ya voyeli, mara ngapi inafuata voyeli nyingine? Akaona ni kama 13 katika 100. Na baada ya konsoni, mara ngapi inafuata voyeli? Kama 66 katika 100. Kwa hiyo herufi hazianguki ovyo kama mahindi yaliyomwagika. Kila herufi inasukumwa na ile iliyo mbele yake. Hesabu hiyo ya Markov inatumika hata leo katika mashine zinazosikia na kuandika maneno ya watu.

Sasa swali: je, Kiswahili kinaweza kupigwa kwenye lokole? Tulibishana sana, kisha tukakubaliana: hapana, siyo kwa njia ya Walokele. Kiswahili hakina toni za kubadilisha maana ya neno. Kina mkazo, na mkazo unakaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: bAba, barabAra, mwalImu. Kwa kuwa unajua mbele ya wakati mahali mkazo utakapoanguka, mkazo haukuambii ni neno gani. Neno mama, neno baba na neno njaa kwenye ngoma yangekuwa sawasawa, na hakuna maneno ya kurefusha yatakayosaidia, kwa sababu nayo yatafanana. Kiswahili kilitupa soko, masomo na urafiki na watu wa mbali, na tunakishukuru. Lakini mtoto wa Mangobo au wa Kabondo anayejua Kiswahili peke yake, hata akipewa lokole nzuri na mikono ya fundi, hataweza kuisemesha.

7. JAMBO LINALOTUGUSA SISI

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: mchezo mzuri, lakini faida iko wapi? Tunataka kusema mambo mawili.

La kwanza ni la kwaya zetu. Katika lugha ya toni, wimbo nao ni mapigo ya juu na chini. Tuseme mtungaji anataka kuimba «ahadi» kwa Kilokele: lisaka, chini-chini-juu. Wimbo ukipanda mapema, kwenye silabi ya pili, sikio la mama mzee kwenye benchi la nyuma linasikia nini? Linasikia «sumu». Ahadi ya Mungu imegeuka sumu ya Mungu, na kwaya haina habari, inaimba kwa furaha.

Hesabu inaonyesha kwamba kosa hili ni rahisi sana. Kutoka noti moja kwenda nyingine wimbo unaweza kupanda, kushuka au kukaa. Kwa noti tatu ziko njia 3 mara 3, maana yake 9. Njia moja tu, kukaa kisha kupanda, inafuata chini-chini-juu sawasawa. Na wimbo wenye beti nyingi uko na shida kubwa zaidi: tuni ni moja, maneno ya kila ubeti ni mengine. Mstari wa silabi 8 uko na namna 2 kwa kipeo cha 8, ni 256. Ubeti wa pili hautafanana na wa kwanza kwa bahati tu. Ndiyo maana nyimbo zilizotoka Ulaya na kuwekwa maneno ya lugha zetu mara nyingi zinawapa wazee taabu kuelewa, mpaka maneno mengine ya mstari yawasaidie. Na ndiyo maana zile nyimbo ambazo mmoja anaanza na wengine wanaitikia, zilizozaliwa katika lugha yenyewe, zinaingia moyoni mara moja. Hatusemi tuache nyimbo za kitabu, tunazipenda. Tunasema watungaji wa kwaya wahesabu toni mbele ya kuandika noti.

Jambo la pili ni la maandiko. Lugha ya toni ikiandikwa bila alama za toni, kidimbwi, ahadi na sumu vinaandikwa sawasawa: lisaka. Mtu aliyezaliwa katika lugha anajisaidia kwa maneno ya jirani. Lakini sisi watoto wa mji, tuliosikia lugha ya baba nusu nusu, tutasoma vibaya, na watoto wetu hawatasoma hata kidogo. Alama ndogo juu ya voyeli ni biti moja. Ni bei ndogo ya kutenga ahadi na sumu.

Tena Carrington aliona kwamba ndani ya maneno marefu ya ngoma kuna maneno ya zamani ambayo watu hawayasemi tena kwa mdomo. Lokole iliyatunza. Hata zamani zake aliona kwamba vijana wanaacha kujifunza. Leo ni zaidi. Mpigaji mzee akifa, siyo ngoma inayopotea, maana mti upo. Inapotea ile orodha ya maneno iliyo kichwani mwake, na bila orodha hiyo mapigo ni kelele tu. Hesabu haiwezi kuirudisha. Hesabu inaweza kusema ni namna 65.536, lakini haiwezi kusema namna gani ni jina la babu yako. Shannon mwenyewe alisema wazi kwamba hesabu yake inapima habari, haishughuliki na maana. Maana iko kwa watu, na inabidi kwenda kuwauliza.

Kwa hiyo tunarudi kwa rafiki zetu wa pedagojia. Ninyi mtafundisha lugha. Chukueni kidogo ya matematiki yetu. Na sisi tukubali kwamba bila ninyi na bila wazee hatuna kitu cha kuhesabu. Tena tuache kusema kwamba lugha za mugini ni maskini. Watu waliopata njia ya kusema kila kitu kwa sauti mbili, na kusahihisha makosa njiani, hawakuwa maskini wa akili.

8. MAZOEZI KWA WASOMAJI

a) Mpigaji anapiga mapigo 5. Namna ngapi zinawezekana? Na kama pigo la mwisho lazima liwe chini kila mara, zinabaki ngapi?

b) Chagua mistari mitano ya kitabu cha Kiswahili na mistari mitano ya kitabu cha Kifaransa. Hesabu voyeli na konsoni kama Markov. Lugha gani iko na voyeli nyingi katika herufi 100? Tena angalia maneno ya Kifaransa yanayokwisha kwa konsoni.

c) Hili ndilo kubwa. Wakati wa likizo, uliza nyumbani: katika lugha yetu, maneno gani mawili yanaandikwa sawa na toni inayatenga? Je, babu alikuwa na jina la ngoma? Andika kwa alama za juu na chini, au umwombe aseme polepole na kumnasa kwa simu. Leta katika sanduku la buletini. Tunataka kufanya orodha ya masomo yetu: Kilokele, Kimbole, Kituruumbu, Kikumu, Kilingala na nyingine zote. Hata neno moja tutalipokea.

Majibu ya a) na b) tutayatoa katika namba inayofuata. Jibu la c) hatunalo sisi. Liko kwenu nyumbani, na mwenye kulijua anazeeka.

Kikundi cha Matematiki